Kwa nini huruhusiwi kukata x pande zote mbili: jibu kuhusu kanuni tano za mantiki ya milinganyo

"Shikamoo mwalimu. Ninajisomea aljebra ya jumla na nimefika kwenye mantiki ya milinganyo. Kitabu kinatoa kanuni tano za kuhitimisha na kudai zinatosha kwa kila kitu. Zoezi la kwanza lilinipa milinganyo miwili, (xy)z = x(yz) na xyx = x, likaniagiza nithibitishe xx = x, kisha xyz = xz. Sehemu ya xx = x nilisaidiwa na mwenzangu. Kwenye ya pili nikafikiri hivi: xyx = x, na x = xx, basi xyx = xx. Nikakata x ya mbele pande zote mbili, nikapata yx = x, na kutoka hapo mengine yalikuwa mepesi. Mwenzangu akakata x ya nyuma badala ya ya mbele, akapata xy = x. Tukiunganisha yangu na yake tunapata x = y, yaani kila kitu ni sawa na kila kitu! Zoezi la pili lilisema: ndani ya kundi (seti yenye tendo ambalo mabano yake yanahamishika, kipengele e kisichobadilisha kitu, na kinyume x⁻¹ cha kila x), a na b ni vipengele vyenye ab = ba; onyesha kwamba ab² = b²a. Nikatumia kanuni ya kupachika, nikaweka chochote mahali pa a na b, nikahitimisha kwamba kundi zima linabadilishana, yaani xy = yx kwa vipengele vyote. Hilo nalo naambiwa ni kosa. Kama kukata hakuruhusiwi na kupachika kuna masharti nisiyoyajua, hizo kanuni tano zinatoshaje? Na nikikwama, nitajuaje kama tatizo ni mimi au ni mlinganyo wenyewe kwamba hautoki?"

Marahaba. Nadhani kinachokusumbua si hesabu. Umezoea tangu shule kuhamisha huku na kukata kule, na sasa unapewa vifaa vitano na kuambiwa vingine vyote uviweke chini. Halafu unaambiwa hivyo vitano vinatosha. Una haki ya kushuku. Ila makosa yako mawili, ingawa yanaonekana tofauti, yametoka shina moja: kuna maneno mawili yasiyoandikwa ambayo kila mlinganyo wa aina hii unayabeba, nayo ni "kwa kila". Tukiandika xyx = x tunasema kwamba kwa kila x na kwa kila y jambo hilo ni kweli. Ukiyasahau maneno hayo, kanuni zinaonekana kama amri za mtu mkali asiye na sababu.

Tuzitaje zenyewe. Ya kwanza: kila usemi ni sawa na wenyewe, t = t. Ya pili: ukiwa na s = t, unaruhusiwa kuandika t = s. Ya tatu: ukiwa na s = t na t = u, unapata s = u. Hizi tatu hazimsumbui mtu. Ya nne ni kubadilisha ndani: ukiwa na s = t, popote s inapotokea kama sehemu ya usemi mkubwa unaweza kuitoa na kuweka t, sehemu nyingine zikibaki zilivyo. Ya tano ni kupachika: ukiwa na s = t, chagua kigeu kimoja au zaidi, na uweke usemi wowote mahali pake, mradi uuweke kila mahali kigeu hicho kilipo, kushoto na kulia kwa pamoja.

Ya nne na ya tano huchanganywa sana, kwa hiyo tusimame hapo kidogo. Kanuni ya nne inakuruhusu kugusa sehemu moja na kuiacha nyingine inayofanana nayo; ya tano haikuruhusu. Ukichukua xyx = x na kuweka yz mahali pa y, unapata x(yz)x = x, na huo ni halali kabisa. Ukiweka yz mahali pa x ya kwanza peke yake, ukaandika (yz)yx = x, umeandika jambo ambalo hakuna aliyekuahidi. Ahadi ilikuwa juu ya x ile ile mwanzoni, mwishoni na upande wa pili wa alama ya usawa.

Sasa kukata. Kanuni ya nne inakwenda upande mmoja tu: kutoka s = t unafika xs = xt. Wewe ulitoka xs = xt ukarudi s = t. Njia hiyo ya kurudi haimo kwenye orodha, na haikusahauliwa kwa bahati mbaya. Chukua seti yoyote yenye vitu viwili au zaidi, na uamue kwamba zao la vitu viwili ni kile cha kushoto, daima: xy ni x. Angalia kama milinganyo yako miwili inashika. (xy)z inatoa x, na x(yz) inatoa x. Halafu xyx inatoa x. Inashika yote. Lakini humo yx ni y, wala si x. Kwa hiyo yx = x haiwezi kuwa tokeo la milinganyo uliyopewa, hata ungetumia mwaka mzima kuitafuta. Na ukitaka kuona kukata kunavyoanguka, tazama ndani ya aljebra hiyohiyo (aljebra hapa ni seti pamoja na tendo lake): xy = xz daima, kwa sababu pande zote mbili ni x, ingawa y na z ni vitu tofauti.

Hapa ndipo kanuni tano zinapoonyesha sifa yao ya kwanza. Kila moja, ikipewa milinganyo iliyo kweli ndani ya aljebra fulani, hutoa mlinganyo ulio kweli ndani ya aljebra hiyohiyo. Ukitumia hizo tu, huwezi kutoka kwenye kweli ukaingia kwenye uongo. Ukijikuta umepata x = y kutoka kwenye milinganyo ambayo ina mfano wenye vitu viwili, rudi nyuma mstari kwa mstari: mahali fulani umeingiza kanuni ya sita kimyakimya. Jaribio la mwenzako lilikuwa zuri, na ningefurahi wanafunzi wengi wangekuwa na tabia hiyo ya kukata upande wa pili ili kuona kitakachotokea.

Utaniuliza: mbona kwenye makundi tunakata kila siku? Kwa sababu kule kukata ni mkato tu wa kuandika. Ukiwa na xs = xt ndani ya kundi, kanuni ya nne inakupa x⁻¹(xs) = x⁻¹(xt), unahamisha mabano, x⁻¹x inakuwa e, na es ni s. Hatua zote hizo ni halali. Tumezoea tu kuziruka. Kwenye milinganyo yako hakuna kinyume cha x, basi mkato huo hauna cha kukata nao.

Kuna sababu ya ndani zaidi, na inafaa uijue mapema. "Kama xy = xz basi y = z" si mlinganyo. Ni sentensi yenye "kama", na milinganyo mitupu haina uwezo wa kuisema. Chukua namba 0, 1, 2, 3 na kuendelea, pamoja na kujumlisha. Kule kukata kunafanya kazi. Sasa zikunje namba zote kuanzia 1 kwenda juu ziwe kitu kimoja, ukiita 1, na uiache 0 peke yake. Kujumlisha bado kuna maana: 0 + 0 = 0, na jumla nyingine yoyote ni 1. Kila mlinganyo ulioshika mwanzoni unaendelea kushika baada ya kukunja, kwa sababu kukunja kunaheshimu kujumlisha. Lakini sasa 1 + 1 = 1 + 0, na 1 si 0. Kukata kumekufa huku milinganyo yote ikiwa hai. Kwa hiyo hakuna orodha ya milinganyo, hata iwe ndefu namna gani, ambayo itakuwa na maana sawasawa na ruhusa ya kukata. Garrett Birkhoff alionyesha mwaka 1935 kwamba familia za aljebra zinazoweza kuelezwa kwa milinganyo mitupu ni zile, na ni zile tu, zinazohifadhiwa na mambo matatu: kukunja kwa namna hii, kuchukua sehemu iliyojitosheleza ndani ya aljebra, na kuzidisha aljebra pamoja. Kukata hakuvuki kikwazo cha kwanza.

Turudi kwenye zoezi. Uthibitisho wa xx = x, kama mwenzako hakukuonyesha kwa ukamilifu, ni huu. Mabano nayaacha, kwa kuwa mlinganyo wa kwanza unaniruhusu:

Kwenye xyx = x pachika x mahali pa y: xxx = x.
Kwenye xyx = x pachika xx mahali pa y: xxxx = x.
Chukua xxx = x na uizidishe kwa x upande wa kulia (kanuni ya nne): xxxx = xx.
Basi xx = xxxx = x.

Na xyz = xz:

Kwenye xyx = x badili majina, uweke z mahali pa x na x mahali pa y: zxz = z.
Kwa hiyo xyz = xy(zxz).
Hamisha mabano: xy(zxz) = (x(yz)x)z.
Kwenye xyx = x pachika yz mahali pa y: x(yz)x = x.
Basi (x(yz)x)z = xz, na tumefika.

Tazama kilichotokea mstari wa pili. Usemi wenye herufi tatu uliongezeka ukawa na herufi tano kabla ya kupungua ukawa na mbili. Nadhani hiki ndicho kilichokukwamisha kweli, kuliko hata kukata. Uliingia na imani kwamba kila hatua inapaswa kurahisisha, na kukata ndiyo hatua inayorahisisha kuliko zote, kwa hiyo mkono ukaenda wenyewe. Milinganyo haijui urahisi. x = xyx inasomeka kutoka kushoto kwenda kulia kwa uhalali uleule kama xyx = x, na mara nyingi ufunguo ni kuifungua x iwe xyx, ukichagua y kwa hila ili kipande kipya kijishike na majirani zake. Mimi mwenyewe nikikwama huwa najiuliza: ni herufi gani ningetamani iwe hapa, na mlinganyo upi unaniruhusu kuiingiza?

Zoezi la pili ni fupi zaidi, lakini kosa lake limewapata wengi. Herufi a na b katika "a na b ni vipengele vyenye ab = ba" si vigeu. Ni majina. Kigeu ni nafasi ya kitu chochote. Jina linashikilia kitu kimoja, ingawa hujaambiwa ni kipi. Kanuni ya tano inapachika mahali pa vigeu tu. Chukua kundi la njia 6 za kupanga upya vitu 3: kundi hilo halibadilishani, lakini ukichagua a na b ziwe kitu kimoja, ab = ba ni kweli pale. Ahadi ilikuwa juu ya hao wawili, si juu ya kundi zima. Uthibitisho unaotakiwa hauhitaji kupachika kabisa mahali pa a wala b: abb = (ab)b = (ba)b = b(ab) = b(ba) = bba. Ni kubadilisha ndani na kuhamisha mabano tu. Kama una desturi ya kuandika kila kitu kwa x na y, ningekushauri uiache: vigeu vipewe herufi za mwisho, majina herufi za mwanzo, na jicho lako litakukataza lenyewe.

Basi zinatoshaje? Hili ndilo swali lako zito, na jibu lake ni zuri kiasi kwamba nitalieleza lote.

Madai ni haya: kama mlinganyo s = t unashika ndani ya kila aljebra inayotimiza milinganyo uliyopewa, basi kuna njia ya kuutoa kwa kanuni tano peke yake. Birkhoff alithibitisha hilo pia katika kazi yake ya 1935. Tunathibitisha kwa kugeuza: kama s = t haitoki, tunajenga aljebra inayotimiza yote uliyopewa lakini s na t humo ni vitu tofauti. Aljebra hiyo tunaijengea nini? Semi zenyewe. Chukua semi zote unazoweza kuandika kwa vigeu vyako, na uzigandishe pamoja semi mbili kila inapowezekana kuutoa usawa wao kwa kanuni tano. Kila donge la semi zilizogandana liwe kipengele kimoja.

Sasa angalia kila kanuni ikifanya kazi yake. Tatu za kwanza zinahakikisha kwamba kugandisha huko kuna maana: kila usemi umo kwenye donge lake, na hakuna usemi ulio kwenye madonge mawili. Ya nne inahakikisha kwamba ukizidisha donge kwa donge, jibu halitegemei ni usemi upi uliouokota ndani ya kila donge. Ya tano inahakikisha kwamba milinganyo uliyopewa inashika humo kwa kila kipengele: kumpa kigeu x thamani ya donge fulani ni sawa na kupachika usemi mmoja wa donge hilo mahali pa x, na kanuni ya tano inasema mlinganyo uliopachikwa nao unatoka, kwa hiyo pande zake mbili zimegandana. Hakuna kanuni iliyokaa bure na hakuna iliyokosekana. Kisha, kama s = t haitoki, donge la s na donge la t ni mawili, na kila kigeu kikipewa donge lake chenyewe, s na t zinaangukia mahali tofauti. Mfano kinzani umejengwa na kushindwa kwenyewe. Aljebra hii huitwa aljebra huru.

Kwa milinganyo yako unaweza kuiona kwa macho. Tumeonyesha kwamba xyz = xz, yaani herufi yoyote iliyo katikati inaweza kuondolewa. Kwa hiyo kila usemi, hata ungekuwa na herufi 100, ni sawa na herufi yake ya kwanza ikifuatwa na ya mwisho. Kwa vigeu viwili, x na y, madonge ni manne tu: x, y, xy na yx. Kwa vigeu n ni n². Kwamba hayagandani zaidi ya hapo tunalijua kwa kuchukua jozi za vitu, tukazidisha hivi: (i, j) mara (k, l) ni (i, l). Ya kwanza inatoka kushoto, ya pili inatoka kulia. Hakiki mwenyewe kwamba milinganyo yako inashika. Jozi zikipangwa kwenye karatasi zinafanya mstatili, na ndiyo sababu aljebra hizi zimepewa jina la umbo hilo. Sasa una kipimo kamili: s = t inatoka ikiwa, na ikiwa tu, pande zote mbili zinaanza na herufi ileile na kumalizika na herufi ileile. Yako, yx = x, inaanza na y upande mmoja na x upande mwingine. Ungeikataa kwa kutupia jicho.

Usidhani ni rahisi hivyo daima. Legeza kidogo tu: badala ya xyx = x weka xx = x, na uache mabano yaendelee kuhamishika. Kwa vigeu viwili aljebra huru ina vipengele 6. Kwa vigeu vitatu ina 159. Kwa vinne, 332,380. Mlinganyo mfupi kama xx = x unaficha msitu.

Sasa nikikwama nitajuaje? Jibu la uaminifu lina sehemu mbili. Sehemu ya kufariji ni kwamba ama uthibitisho upo, ama mfano kinzani upo. Hakuna hali ya tatu. Kwa hiyo fanya kazi kwa mikono miwili. Mkono mmoja unatafuta njia ya kutoka s kwenda t, mwingine unajaza majedwali madogo, ya vitu 2, kisha 3, kisha 4, ukitafuta jedwali linalotimiza masharti na kuvunja s = t. Anza na majedwali ya kivivu: cha kushoto hushinda, cha kulia hushinda, kila zao ni kitu kimoja, kikubwa hushinda. Utashangaa ni milinganyo mingapi ya uongo inayoangushwa na hayo manne tu.

Sehemu isiyofariji ni kwamba mkono wa pili unaweza kukosa kitu kilichopo. Chukua matendo mawili ya kigeu kimoja, f na g, na mlinganyo mmoja f(g(x)) = x. Je, g(f(x)) = x inatoka? Ndani ya seti yoyote yenye kikomo inashika, kwa hiyo hakuna jedwali litakalokuonyesha kinyume. Lakini haitoki. Chukua namba 0, 1, 2 na kuendelea. G iongeze 1, na f ipunguze 1, isipokuwa 0 iiache 0. f(g(x)) inarudisha x daima, lakini g(f(0)) ni 1. Mfano kinzani upo, ila hauna kikomo.

Mbaya zaidi, kwa baadhi ya orodha za milinganyo hakuna utaratibu wowote wa kimashine wa kuamua. A. A. Markov na Emil Post, kila mmoja kivyake, walionyesha mwaka 1947 kwamba ukiwa na mabano yanayohamishika pamoja na orodha fulani yenye kikomo ya milinganyo juu ya majina, kama ile ab = ba yako, hakuna programu itakayojibu kila swali la "je, usawa huu unatoka?" Pyotr Novikov alilithibitisha hilo kwa makundi mwaka 1955. Kwa hiyo kukwama kwako wakati mwingine hakuna uhusiano na akili yako. Kwa mazoezi ya sura ya kwanza, hata hivyo, usijifiche nyuma ya Novikov.

Katikati ya hapo kuna msaada mkubwa. Donald Knuth na Peter Bendix walichapisha mwaka 1970 utaratibu wa kuigeuza milinganyo kuwa kanuni za mwelekeo mmoja, kila usemi ukishushwa mpaka umbo lisiloshuka tena. Utaratibu huo haufaulu kila mara, lakini kwa makundi unafaulu: ile milinganyo mitatu ya kawaida inakuwa kanuni 10, na swali lolote la milinganyo ya jumla ya makundi linaamuliwa kwa kushusha pande zote mbili na kulinganisha. Kumbuka imani yako kwamba kila hatua irahisishe. Haikuwa upuuzi, ilihitaji tu mtu aongeze kwanza kanuni zinazokosekana. Kwenye zoezi lako, xyz = xz na xx = x ndizo zilizokuwa zinakosekana.

Zipo pia programu za bure. Prover9 hutafuta uthibitisho na Mace4 hutafuta majedwali yenye kikomo. Zote mbili ni za William McCune, mtu yuleyule ambaye mwaka 1996 programu yake nyingine, EQP, ilimaliza swali la Robbins kuhusu aljebra za Boole (zile za mantiki ya kweli na uongo) lililokuwa limekaa wazi tangu miaka ya 1930. Mwaka 2024 Terence Tao alianzisha mradi wa pamoja wa kuchukua milinganyo 4,694 ya tendo moja la vigeu viwili na kuamua, kwa kila jozi, kama mmoja unatoa mwingine: maswali 22,028,942. Kazi ilikuwa ileile ya mikono miwili, na yalipatikana pia matokeo ambayo ni kweli kwenye kila jedwali lenye kikomo na yanavunjika nje ya hapo. Zitumie programu hizi baada ya kujaribu kwa kalamu. Uthibitisho unaotolewa na mashine mara nyingi una mistari ambayo haimfundishi mtu kitu.

Jambo moja la pembeni, usije ukalikuta na kushtuka. Yote niliyosema yanadhani aljebra ina vitu vya aina moja. Ukiingia kwenye aljebra zenye aina kadhaa za vitu, kama zinavyotumika kwenye sayansi ya kompyuta, na ukaruhusu aina mojawapo iwe tupu, kanuni hizi zikiandikwa bila uangalifu zinaweza kutoa uongo: ukiwa na h(x) = k na h(x) = m unahitimisha k = m, lakini kama hakuna x hata mmoja, hukuwa umeahidiwa chochote. Joseph Goguen na José Meseguer ndio walioliweka wazi tatizo hilo, na dawa ni kutaja vigeu vilivyotumika katika kila mlinganyo.

Kuhusu kupata mtu wa kukaa naye ana kwa ana: kujisomea kunakutosha kwa sehemu kubwa, ila kuna dalili moja ningeitilia maanani. Ukiandika uthibitisho wako mstari kwa mstari, ukaweka pembeni ya kila mstari namba ya kanuni uliyotumia, na bado huoni ulipokosea ilhali mfano kinzani uko mbele yako, peleka karatasi hiyo kwa mhadhiri au mtu aliyepita njia hii, na mkae ubaoni. Usipeleke maelezo ya ulichofanya. Peleka karatasi yenyewe, na makosa yake. Kosa la aina hii huwa limekaa kwenye hatua ambayo mwandishi wake haioni kama ni hatua, na mtu akikutazama ukiandika atakuzuia palepale mkono unapoliruka. Mwenzako aliyekata upande wa pili anaweza kabisa kuwa mtu huyo.

Kabla ya hapo, jaribu kurudi njia: ukiwa na mabano yanayohamishika, xx = x na xyz = xz, toa xyx = x. Ni mistari miwili, na kila mmoja uwe na namba yake ya kanuni pembeni. Kisha futa xx = x kwenye orodha, ubaki na xyz = xz, na utafute jedwali la vitu viwili linalovunja xyx = x. Moja kati ya yale manne ya kivivu linatosha.